Ukidai ada nafuu ya malezi, dai na mshahara wa mlezi

Kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa watoto walio chini ya umri wa shule, na baadaye nikakabidhiwa daftari la hesabu la kituo huku nikiwa katibu wa kamati ya wazazi. Kazi hizo zimenifanya niyasikie malalamiko ya kila upande: mzazi anayesema ada inammaliza, mlezi anayesema mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, na mwenye kituo anayeapa kwamba hapati faida yoyote. Wengi hudhani lazima mmoja wao anadanganya. Mimi niliyeyaona mapato na matumizi kwa macho yangu nawaambia kwamba mara nyingi wote watatu husema kweli kwa wakati mmoja. Nawaandikia wazazi na walimu wanaojiandaa kwenda mbele ya madiwani, wabunge au maofisa wa wizara kudai fedha za umma kwa ajili ya malezi ya watoto wadogo, na ushauri wangu mkubwa ni kwamba msidai ada nafuu peke yake. Dai la ada na dai la mshahara wa mlezi yaandikwe katika barua moja na yasimamiwe na watu walewale, kwa sababu serikali inayotimiza moja na kuliacha jingine huharibu hata lile ililotimiza.

Anzeni na hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayowalinda mtakapoulizwa maswali magumu. Chukueni mlezi mmoja anayetunza watoto wachanga wanne. Mishahara ndiyo sehemu kubwa ya gharama za kituo chochote. Tuseme inachukua asilimia 70, na asilimia 30 iliyobaki inakwenda kwenye pango, chakula, maji, umeme, bima na vifaa. Kituo hufunguliwa kabla mzazi hajafika kazini na hufungwa baada ya yeye kutoka, yaani takribani saa 10 kwa siku, ilhali mlezi anapaswa kufanya kazi saa 8, hivyo kila kundi la watoto wanne linahitaji mlezi mmoja na robo. Gawanyeni gharama hiyo kwa wazazi wanne, mkijumlisha na zile gharama nyingine, na mtakuta kwamba kila mzazi anatakiwa kulipa karibu asilimia 45 ya mshahara wa mlezi mmoja, kwa mtoto mmoja. Mzazi ambaye kipato chake kinalingana na cha mlezi atatoa karibu nusu ya anachopata. Akiwa na mapacha, mshahara wake karibu wote utaishia kituoni. Na kumbukeni kwamba hapo hatujamwongezea mlezi hata senti moja.

Kituo kinachotaka kushusha ada bila msaada wa nje kinaweza kumpa mlezi watoto wengi zaidi au kumlipa pungufu, na vingi hufanya yote mawili kimyakimya. Lile la kwanza huonekana dogo kwenye karatasi, lakini chumbani si dogo hata kidogo. Kubadilisha nepi moja kwa utaratibu unaotakiwa ni kunawa mikono, kumlaza mtoto, kumsafisha, kumvisha, kupangusa meza kwa dawa na kunawa tena, na wakati mtoto yuko mezani mkono mmoja haupaswi kumwachia. Muda wote huo anayelia kitandani atasubiri, anayetambaa kuelekea mlangoni ataitwa kwa sauti tu, na aliyemaliza chupa yake hana wa kumcheulisha. Wakiwa wanne, mlezi mzoefu hupanga zamu za usingizi na za kula ili msongamano huo usidumu. Wakiwa wanane hakuna mpango unaosaidia, na mtoto huzoea mapema kwamba kulia hakuleti mtu.

Lile la pili, yaani mshahara duni, madhara yake huchelewa kuonekana. Mlezi mzuri huvumilia kwa kipindi fulani, kisha huondoka na kwenda kuuza dukani au kufanya usafi wa ofisi kwa sababu huko analipwa zaidi, na mtoto aliyekuwa amemzoea huanza upya kulia mlangoni kila asubuhi. Wazazi huona ni tabia ya mtoto, kumbe chanzo chake kiko kwenye orodha ya mishahara. Wala tusijidanganye kwamba ufanisi utakuja kutuokoa. Katika miaka ya 1960 wachumi William Baumol na William Bowen walichunguza sanaa za maonyesho na kueleza kwa nini kazi ambayo haiwezi kufanywa kwa watu wachache zaidi huendelea kuwa ghali kadiri viwanda vinavyozalisha zaidi na mishahara ya huko inavyopanda. Malezi ya watoto wachanga ni kazi ya aina hiyo hasa: hakuna mashine itakayomfanya mlezi mmoja abebe watoto kumi na wawili. Kwa hiyo pengo lililopo kati ya kile mzazi anachoweza kulipa na kile mlezi anachostahili kulipwa haliwezi kuzibwa na mmoja wao. Anahitajika mlipaji wa tatu, na mlipaji huyo ni umma, kama ilivyo kwa shule za msingi.

Nchi zilizokwisha kuingia katika njia hii zinatupa mafunzo ya wazi. Uswidi iliweka kikomo cha ada mwaka 2002, ambapo familia hulipa kwa mtoto wa kwanza kiasi kisichozidi asilimia 3 ya kipato chake, na kipato kinachohesabiwa kina ukomo, asilimia 2 kwa mtoto wa pili na 1 kwa wa tatu. Ujerumani, kuanzia Agosti 2013, ilimpa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kisheria ya kupata nafasi ya malezi. Quebec, jimbo la Kanada, ilianza mwaka 1997 kumtoza mzazi dola 5 za Kanada kwa siku huku serikali ikibeba sehemu kubwa ya gharama iliyobaki. Akina mama wengi zaidi waliingia kazini, lakini mahitaji yalizidi nafasi, foleni zikawa ndefu, na ubora ukatofautiana sana kati ya vituo visivyo vya faida vilivyopata ruzuku moja kwa moja na vile vya kibiashara. Mwaka 2021 walezi wa Quebec waligoma wakidai nyongeza. Mwaka huohuo serikali kuu ya Kanada ilitangaza hadi dola bilioni 30 katika miaka 5 ili wastani wa ada nchini kote ushuke hadi dola 10 kwa siku. Ada zilishuka kweli, na familia nyingi zilipata nafuu kubwa, ila kilichokosekana sehemu nyingi ni watu wa kuajiriwa. Unapomwambia mzazi kwamba sasa anaweza kumudu nafasi, huku nafasi yenyewe haina mlezi, umempa kibali cha kukaa kwenye foleni.

Njia ambayo fedha hupitia ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani, na hapa nataka msomaji atulie nami kidogo. Serikali inaweza kumpa mzazi ruzuku akailipe anakotaka, au inaweza kukipa kituo fedha moja kwa moja kwa masharti. Njia ya kwanza huwapendeza wanasiasa kwa sababu kila mpiga kura huiona kwenye bili yake. Hatari yake ni kwamba mwenye kituo anaweza kupandisha ada kwa kiasi kilekile cha ruzuku, mzazi akabaki palepale, na mlezi asione kitu. Australia ilitegemea sana njia hiyo, na kampuni ya ABC Learning ikakua kwa kasi hadi kumiliki vituo zaidi ya elfu moja nchini humo, kisha ikaanguka mwaka 2008, na serikali ikalazimika kutoa fedha nyingine ili watoto wasifungiwe milango.

Ni nchi hiyohiyo, hata hivyo, iliyotoa baadaye mfano ambao ninapenda kuwaonyesha madiwani. Kuanzia Desemba 2024 serikali ya Australia ilianza kugharimia nyongeza ya mishahara ya walezi ya asilimia 15, asilimia 10 kwanza na 5 mwaka mmoja baadaye, kwa sharti kwamba kituo kinachopokea fedha hizo kiwafikishie wafanyakazi nyongeza hiyo na kisipandishe ada kupita kikomo, ambacho kwa mwaka wa kwanza kilikuwa asilimia 4.4. Ayalandi nayo, Septemba 2022, ilianza kuvilipa vituo fedha za msingi kwa sharti la kutopandisha ada, na mwezi huohuo amri ya kisheria ikaweka viwango vya chini vya mishahara kwa kila ngazi ya kazi. Katika mifano yote miwili ada imefungwa upande mmoja na mshahara ukafungwa upande wa pili, hivyo fedha haina pa kuvujia. Mkiandika dai lenu, andikeni hivyo kwa maneno ya wazi: fedha ziende kituoni, mshahara wa kila ngazi utajwe, kikomo cha ada kitajwe, na hesabu za kila kituo kinachopokea ruzuku ziwekwe hadharani. Nimeona barua nzuri zenye uchungu mwingi zikijibiwa kwa ahadi ya jumla ya "kuboresha sekta", kwa sababu barua zenyewe hazikutaja chochote kinachoweza kupimwa.

Swali jingine la kuuliza, nalo ni gumu zaidi, ni fedha hizo zinatoka wapi na zitakoma lini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani iligharimia vituo vya watoto ili akina mama wafanye kazi viwandani, na mwaka 1946, vita vilipokwisha, fedha za serikali kuu zikakatwa na vituo vingi vikafungwa. Mwaka 1971 bunge la nchi hiyo lilipitisha muswada wa mfumo wa taifa wa malezi ya watoto, lakini Rais Richard Nixon akaukataa. Mwaka 2021 zikatolewa dola bilioni 24 za kuvinusuru vituo vilivyoyumbishwa na janga la korona, na muda wake ukaisha Septemba 2023. Fedha hizo zilisaidia sana, lakini mwenye kituo mwenye busara hapandishi mshahara wa kudumu kwa fedha yenye tarehe ya mwisho. Anatoa bonasi, na bonasi haimfanyi mtu aamue kubaki katika kazi kwa miaka. Nimekaa na walimu vijana wakipiga hesabu ya kubaki au kuondoka, na hawakuwahi kuuliza kuhusu bonasi. Waliuliza mshahara utakuwa kiasi gani baada ya miaka kadhaa, kama kuna likizo ya ugonjwa, na kama kuna pensheni.

Ndiyo maana navutiwa na jimbo la New Mexico la Marekani, ambako Novemba 2022 wapiga kura, karibu asilimia 70 yao, walikubali katiba ya jimbo ibadilishwe ili fedha za ziada zitoke kila mwaka katika mfuko wa kudumu wa jimbo kwa ajili ya watoto wadogo na shule. Novemba 2025 jimbo hilo likaanza kutoa malezi bila ada kwa familia zote, pasipo kuangalia kipato. Jiji la Washington lilichagua njia tofauti: lilipandisha kodi kwa wenye vipato vikubwa, na mwaka 2022 likaanza kuwalipa walezi fedha za ziada ili kuwasogeza karibu na mishahara ya walimu wa shule za umma. Ni mpango mzuri, tena wa mfano. Lakini kwa kuwa fedha zake huamuliwa upya katika kila bajeti, mwaka 2024 ulipendekezwa ufutwe kabisa, na ukanusurika ukiwa na fedha pungufu. Kifungu cha bajeti kinachoweza kufutwa kwa mstari mmoja wa kalamu lazima kiwe na watu wa kukilinda kila mwaka, nanyi mjipange mkijua hivyo tangu mwanzo.

Kuna mtego ambao unawahusu hasa walimu wenzangu, nao ni kuitwa wenye moyo wa kujitolea. Uhindi ilianzisha mwaka 1975 mpango mkubwa wa kuwahudumia watoto wadogo na mama zao kupitia vituo vya anganwadi, na wanawake wanaoviendesha wamekuwa wakipewa posho badala ya mshahara kwa maelezo kwamba wao ni wa kujitolea, ingawa hutunza rejesta, hupima uzito wa watoto, hugawa chakula na kufundisha. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, iliyo ya juu kabisa, iliamua kwamba wanastahili kiinua mgongo kama wafanyakazi wengine. Nchini Kolombia, akina mama wa jamii ambao wamekuwa wakilea watoto wa majirani majumbani mwao chini ya mpango wa serikali tangu miaka ya 1980 walianza kupata mikataba rasmi ya ajira na kima cha chini cha mshahara mwaka 2014. Ilichukua takribani kizazi kizima. Kwa hiyo mwalimu akiambiwa kwamba kazi yake ni wito na haina bei, ashukuru kwa heshima, kisha aulizie mkataba. Upendo kwa watoto upo, na bila huo hakuna anayedumu katika chumba cha wachanga, lakini mwenye nyumba haupokei kama kodi.

Kuweni waangalifu pia na habari njema ya madarasa ya awali bila malipo katika shule za msingi. Ninayaunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, katika ile hesabu ya mwanzo, mlezi wa watoto wa miaka minne anaweza kuwa na watoto kumi, na gharama ya kila mmoja haifiki hata asilimia 20 ya mshahara wake. Vituo vingi hutumia ziada inayopatikana kwa watoto wakubwa kufidia hasara ya chumba cha wachanga. Serikali ikiwachukua wakubwa bila kuvigharimia vituo kwa ajili ya wadogo, chumba cha wachanga ndicho hufungwa kwanza, na mama aliyejifungua hivi karibuni ndiye hukosa pa kumwacha mtoto. Ofisa anayepanga madarasa ya awali anaweza asilifikirie hili, maana watoto wachanga huenda wako chini ya wizara nyingine. Mwambieni mapema, kabla ramani za madarasa hazijapitishwa.

Mtakapofika kwenye kikao, mtaulizwa faida kwa taifa ni ipi, na mtu fulani atautaja utafiti wa Perry, kuhusu faida za shule ya awali, ulioanza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, Michigan, na kuwafuatilia watoto 123 hadi utu uzima. Mchumi James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alikadiria pamoja na wenzake kwamba kila dola iliyowekwa pale ilirudisha kati ya asilimia 7 na 10 kwa mwaka. Utumieni utafiti huo, lakini msiuache nusu. Watoto waliopewa masomo katika mpango ule walifundishwa na walimu waliohitimu, waliolipwa angalau kwa viwango vya walimu wa shule za umma, kila mmoja akiwa na watoto wachache. Anayetaka matokeo ya Perry kwa mshahara wa kibarua anataka kitu ambacho utafiti ule haukukipima. Mimi binafsi sipendi hoja nzima isimame juu ya faida ya miaka arobaini ijayo, kwa sababu mtoto ana haki ya kuwa na siku njema leo, na mzazi ana haki ya kufanya kazi bila hofu leo. Msimamo huo pia umo katika makubaliano ya mataifa: Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya familia na unataja huduma za malezi ya watoto, na Azimio la Tashkent la mwaka 2022 linazitaka serikali zitenge angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu kwa elimu ya awali. Pelekeni nakala, na muulize bajeti yenu imefika asilimia ngapi.

Kabla ya kwenda huko, fungueni vitabu nyumbani kwanza. Mwombeni mwenye kituo aitishe mkutano wa wazazi na walezi, na aweke mezani mapato na matumizi ya mwezi mmoja halisi, yakiwemo malipo yake mwenyewe. Mkutano wa kwanza wa aina hiyo huwa mgumu. Wazazi huona aibu kujua mlezi wa mtoto wao analipwa nini, na walezi huona aibu kwamba imejulikana. Lakini baada ya hapo hakuna atakayemfanya mzazi amwone mlezi kuwa adui wa mfuko wake. Tengenezeni pia rekodi rahisi ya mambo mawili: walezi walioacha kazi katika mwaka uliopita na kazi walizokwenda kufanya, na familia zilizo kwenye orodha ya kusubiri pamoja na umri wa watoto wao. Diwani anaweza kubishana na maoni yenu, lakini orodha ya majina ya watoto wa kata yake itamlazimu ajibu. Nendeni wakati makadirio ya bajeti yanaandaliwa, si wakati yanasomwa, maana yakishasomwa mtapewa pole tu. Azungumze mzazi mmoja na mlezi mmoja, mzazi akieleza mshahara wa mlezi na mlezi akieleza mzigo wa ada kwa mzazi. Tulipobadilishana hivyo, kikao kilichokuwa kimepangwa kuwa kifupi kilirefuka, kwa sababu wajumbe walishindwa kutugawa.

Na fedha zikipitishwa, kazi haijaisha. Daini taarifa ya kwanza itoke ndani ya nusu ya kwanza ya mwaka wa fedha, kwa sababu makadirio ya mwaka unaofuata huanza kuandaliwa muda si mrefu baadaye. Taarifa hiyo ionyeshe kwa kila kituo ada ya sasa, idadi ya watoto kwa kila mlezi katika kila chumba, na mshahara wa kila ngazi kabla na baada ya ruzuku. Walezi walinganishe takwimu hizo na hati zao za mshahara, na palipo na tofauti, kamati iandike barua wiki hiyohiyo, ikiwa na saini za wazazi na walezi pamoja.